UCHAMBUZI: Kinachoua uvumbuzi wetu ni usimamizi, si uhaba wa vipaji

MNAMO Februari 1990, Rais Daniel arap Moi alizindua katika uwanja wa Kasarani, Nairobi, gari ambalo Wakenya waliambiwa lingekuwa mwanzo wa enzi mpya ya viwanda nchini.

Gari hilo liliitwa Nyayo Pioneer. Miaka minne awali, Moi alikuwa amekitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, akisema hakujali iwapo lingekuwa baya kwa sura au zito kwa mwendo. Wahandisi wa chuo, wakishirikiana na karakana za Shirika la Reli pamoja na taasisi nyinginezo za umma, walilitekeleza agizo hilo. Magari matano yaliundwa, na yakatembea barabarani.

Baadaye liliundwa shirika la Nyayo Motor Corporation ili kuyatengeneza kwa wingi. Fedha za kujenga viwanda hazikupatikana. Hakuna Mkenya hata mmoja aliyewahi kuingia dukani akatoka na ufunguo wa Pioneer mkononi.

Ni desturi yetu kulisimulia tukio hilo kama kichekesho, jambo ambalo si haki kwa wale wahandisi. Wao waliulizwa swali moja tu: je, mnaweza? Wakajibu kwa vitendo. Maswali magumu zaidi, yaani gari litauzwa kwa nani, kwa bei gani, na vipuri vitatoka wapi wakati magari ya mitumba yakianza kufurika nchini, hayakuwa ya mhandisi. Yalikuwa ya msimamizi, na yanaonekana kuahirishwa hadi baada ya sherehe.

Linganisha hayo na yaliyotukia katika kampuni moja ya simu miaka 15 baadaye.

Huduma ya M-Pesa, ambayo leo haikosekani katika mkoba wa mama mboga wala ofisi ya mkurugenzi, haikubuniwa kwa ajili ya kutuma pesa. Ilibuniwa ili kumsaidia mkopaji wa shirika la mikopo midogo kulipa deni lake kwa simu. Wazo hilo liliendelezwa na Nick Hughes, aliyekuwa afisa wa kampuni ya Vodafone nchini Uingereza, na kazi ya kulijaribu humu nchini ikasimamiwa na Susie Lonie, mfanyakazi wa kampuni iyo hiyo, kwa ushirikiano na Safaricom.

Hapa pana jambo ambalo wasimamizi wetu wangefaa kulitafakari. Ndani ya Vodafone, mradi mdogo wa kuwahudumia maskini wa Afrika Mashariki usingeweza kushindana na miradi mingine iliyoahidi faida kubwa na ya haraka. Mhasibu yeyote makini angeufuta katika kikao cha kwanza. Ulinusurika kwa sababu sehemu ya gharama, karibu pauni milioni moja, ilitoka katika mfuko wa idara ya maendeleo ya kimataifa ya serikali ya Uingereza, nayo Vodafone ikatoa kiasi kama hicho. Kwa maneno mengine, wazo changa lilitengewa fedha zake pembeni, likaepushwa na mizani ya miradi iliyokwisha kukomaa.

Majaribio yalianza Oktoba 2005 jijini Nairobi na mjini Thika. Washiriki walikuwa chini ya 500, wateja wa shirika la Faulu, na mawakala walikuwa wanane pekee. Hapakuwa na mgeni wa heshima wala utepe wa kukatwa.

Punde si punde, wateja wakaanza kuitumia huduma hiyo kwa namna ambayo haikuwamo katika mpango. Wapo waliowalipia wenzao madeni kwa malipo kidogo. Wafanyabiashara walilipana. Wasafiri waliweka pesa katika simu kabla ya safari wakazitoa walikofika, kwa kuwa waliogopa kuibiwa njiani. Wengine waliwatumia jamaa zao walio mbali.

Wakati huohuo, lile lengo la awali lilikuwa likiyumba. Faulu ilitatizika kuoanisha malipo ya simu na vitabu vyake vya hesabu. Aidha, mikopo hiyo hutegemea vikundi ambavyo wanachama hukutana na kudhaminiana. Mwanachama aliyeweza kulipa akiwa nyumbani hakuona haja ya kwenda mkutanoni. Chombo kilichokusudiwa kulisaidia shirika kikawa kinalegeza uzi unaoliunganisha.

Katika afisi nyingi za humu nchini, matokeo kama hayo yangeandikiwa ripoti ya kujitetea. Lengo lilikuwa mikopo, kwa hivyo wananchi wangetakiwa wafundishwe namna sahihi ya kutumia huduma! Safaricom, ikiongozwa wakati huo na Michael Joseph, ilifanya kinyume. Suala la mikopo liliwekwa kando, huduma ikapunguzwa hadi ikabakia na ahadi moja nyepesi, ya kutuma pesa nyumbani, kisha ikazinduliwa kwa umma Machi 2007. Kufikia mwisho wa 2009 wateja walikuwa wamezidi milioni nane.

Haikosi kutajwa, maana kila mwaka suala hili hufufuka, kwamba kuna uvumi wa tangu jadi kuwa M-Pesa iliibwa kutoka kwa mwanafunzi fulani wa Kenya. Hakuna ushahidi wa madai hayo. Hata hivyo, uvumi huo unafichua namna tunavyoutazama uvumbuzi: kwamba ni wazo moja linalomjia mtu mmoja, na aliye nalo tayari ana utajiri. Wazo la kutuma thamani kwa simu lilikuwa limewajia wengi; hata kabla ya 2007 watu walikuwa wakitumiana muda wa maongezi kama pesa. Kilichokuwa adimu ni shirika lenye subira ya kulijaribu kwa watu 500, na ujasiri wa kubadili nia.

Pamoja na hayo, kisa hicho kina upande wa uchungu. Kwa kuwa Vodafone ndiyo iliyogharamia na kusimamia utafiti, umiliki wa mfumo ulibaki mikononi mwake. Mitambo yenyewe ilikuwa Ulaya hadi 2015, ilipohamishiwa Kenya. Ni Aprili 2020 pekee ambapo Safaricom na Vodacom ya Afrika Kusini zilikamilisha ununuzi wa chapa ya M-Pesa pamoja na kazi ya kuiendeleza. Kwa miaka 13, huduma iliyokuzwa na matumizi ya Wakenya ilikuwa mali ya wengine. Asiyegharamia utafiti hawezi kulalamika kwamba hakuandikwa katika hati.

Je, pale ambapo tunaugharamia wenyewe, mambo huwa vipi?

Mfano mzuri ni kahawa. Baada ya ugonjwa unaoozesha buni kuwahasiri wakulima mwishoni mwa miaka ya 1960, watafiti wa Ruiru walifanya kazi kwa zaidi ya mwongo mmoja na mnamo 1985 wakatoa aina ya Ruiru 11, inayostahimili ugonjwa huo. Ilikuwa kazi ya kupigiwa mfano. Lakini mbegu zake zilihitaji kuchavushwa kwa mkono, ua kwa ua, na kwa muda mrefu hazikutosha kukidhi mahitaji ya wakulima. Aina ya Batian, iliyotolewa 2010, haihitaji kazi hiyo. Mbegu yake huzaa mche unaofanana na mzazi. Watafiti walijifunza. Lakini kati ya miaka hiyo miwili pana robo karne, na mkulima aliyekuwa na watoto wa kusomesha hakuwa na robo karne ya kungoja.

Chai ya zambarau inasikitisha zaidi. Taasisi ya utafiti wa chai iliyoko Kericho iliitoa aina ya TRFK 306 mnamo 2011, baada ya utafiti wa takriban miaka 25. Majani yake yana kiasi kikubwa cha viambato vinavyosifiwa kwa manufaa ya kiafya, na wakulima walihimizwa kuipanda kwa matumaini ya bei bora. Wengi waliitikia. Viwanda vingi, hata hivyo, havikuwa na mitambo ya kuisindika kando, na wakulima wamelalamika kwa miaka mingi kwamba zambarau yao huchanganywa na majani ya kijani na kulipwa bei iyo hiyo. Baadhi waling'oa.

Mtafiti alitimiza wajibu wake. Nani alikuwa na wajibu wa kuhakikisha kwamba siku mche unapotolewa, kiwanda kiko tayari na mnunuzi anajulikana? Ukiuliza, utaelekezwa kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Taasisi husema kazi yake ni utafiti, kiwanda husema kazi yake ni kusindika, nayo wizara husema kazi yake ni sera.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013 ilikusudia kuziba pengo hilo. Iliunda tume ya kusimamia sayansi, shirika la kukuza uvumbuzi na hazina ya utafiti, na ikasema hazina hiyo itengewe asilimia mbili ya pato la taifa kila mwaka. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa. Kila Juni bajeti inaposomwa, wasomi hulalamika, na wana haki ya kulalamika.

Lakini fedha pekee hazitatosha. Mwandishi huyu aliwahi kuketi katika kikao cha taasisi moja ya umma ambapo mtafiti kijana aliomba kiasi kidogo ili apeleke kifaa chake kwa wakulima 20 wakakijaribu. Aliambiwa angoje mwaka mwingine wa fedha kwa kuwa gharama hiyo haikuwa na fungu. Katika kikao hichohicho, fedha za warsha ya siku tatu hotelini ziliidhinishwa bila mjadala, maana warsha ina fungu.

Hapo ndipo pa kuanzia, na haihitaji sheria mpya. Bodi ya taasisi yoyote inaweza kuamua, hata robo hii ya mwaka, kwamba kila mradi wa utafiti utakuwa na fungu dogo la majaribio kwa watumiaji, na afisa mmoja mwenye jina na cheo atakayeulizwa kuhusu soko tangu siku ya kwanza. Inaweza pia kukubaliana mapema na watafiti wake kuhusu mgao wa mapato. Sheria yetu ya mali ya viwandani ya 2001 kwa kawaida humpa mwajiri umiliki wa alichovumbua mfanyakazi kazini, na mtafiti anayejua hatapata chochote hana sababu ya kukifuata kifaa chake hadi sokoni.

Kwa sasa, katika vituo vingi vya kununulia majani chai, mkulima wa zambarau angali anamimina kikapu chake juu ya cha jirani, na karani anaandika kilo.