Ukurasa wa Nyumbani: Kuipamba Nyumba na Nguo Bila ya Kukopa

Mwezi huu twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo aghalabu husemwa likiwa limekwisha kuchelewa.

Idi ikikaribia, katika nyumba nyingi za Kasulu na Kibondo yasikika maneno mawili tu: rangi ya ukuta na nguo mpya. Baba akiwa hana kitu mfukoni humwendea mfanyabiashara, naye humpa fedha kwa mahindi ambayo yangali mabichi shambani, na bei huitaja mwenye fedha. Mwaka 2025 na mwaka 2026 Idi ya Mfunguo Mosi iliangukia mwezi wa Machi, ghala zikiwa zimepungua na mvua ingali yanyesha. Mtu huyo basi ameuza chakula cha wanawe kwa makopo mawili ya rangi.

Lau rangi yenyewe ingedumu, tungenyamaza. Tulikaribishwa katika nyumba moja ya matofali mabichi, iliyopakwa rangi ya mafuta ya kijani kwa ajili ya Idi. Tuliporudi Idi ya Mfunguo Tatu, miezi miwili na siku chache baadaye, rangi ilikuwa ikibanduka kama maganda ya kitunguu, na nyuma yake udongo ulikuwa umelowa. Sababu yake si siri. Ukuta wa udongo hunywa unyevu na kuutoa tena. Ukiuziba kwa rangi ya mafuta, unyevu hukwama ndani na kuisukuma rangi. Lipu ya saruji nayo haishikamani vema na udongo, kwani udongo hupanuka na kunywea, ilhali saruji ni ngumu.

Ukuta wa udongo wataka udongo. Chukueni udongo wa kichuguu sehemu moja, mchanga sehemu mbili au tatu, na nyasi kavu zilizokatwa fupi kama kidole. Kandeni kwa maji, acheni ulale usiku mmoja, kisha jaribuni kwanza mahali padogo penye upana wa kiganja. Pakipasuka, ongezeni mchanga. Pakipukutika mkono ukipita, ongezeni udongo. Jaribio hili la siku mbili watu wengi hulidharau, nasi twaona ndilo nusu ya kazi. Siku ya kusiriba, lowesheni ukuta kwanza, ama sivyo utanyonya maji ya udongo mpya na kuuangusha.

Ukikauka, ndipo ije rangi. Udongo mweupe au mwekundu uchujwe kwa kitambaa, uchanganywe na uji mwepesi wa unga wa muhogo uliopoa, upakwe mara mbili kwa kitambaa laini. Uji huo ndio gundi. Rangi hii ni ya ndani na ya barazani tu. Nje mvua itaiosha. Chini ya ukuta wa nje, panaporukiwa na matone ya paa, pakeni udongo mwekundu tangu mwanzo, nanyi hamtahangaika na madoa. Na wanaochimba udongo wasiingie chini ya ukingo wa shimo, hata kama udongo wa huko ndani ni mzuri zaidi; ukingo huporomoka bila ya kutoa habari.

Wengi huuliza juu ya kusiriba sakafu kwa samadi ya ng'ombe. Yaipa sakafu nguvu, hilo hatulikanushi. Lakini kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu twaifuata, samadi hiyo ni najisi, ingawa kwa Imam Malik sivyo. Mwenye sakafu ya namna hiyo na atandike mkeka safi juu yake ikiwa kavu, naye asali. Anayeanza upya atumie nyasi na uji wa muhogo, aepukane na mashaka.

Jambo kubwa ni wakati. Katika nyanda hizi mvua huanza kiasi cha Oktoba na kuendelea hata Mei. Kuta za nje zisiribwe Juni hata Septemba, Idi iwe karibu au mbali, kwani mwezi mwandamo hurudi nyuma kiasi cha siku kumi na moja kila mwaka, wala hauingoji kiangazi. Kazi za ndani na za sindano ndizo za kuachiwa Rajabu na Shaaban.

Na sindano ina kazi nyingi. Shuka lililochakaa katikati lipasueni kwa urefu, mziunganishe zile kingo mbili za pembeni ziwe katikati, kisha mpinde pande mpya. Shuka litatumika tena muda mrefu. Shati lililoliwa kola lifumueni kola hiyo, geuzeni upande wa ndani uwe nje, mshone tena. Gauni la mtumba lililo zuri lakini fupi liongezwe ukanda wa kitenge chini na mikononi, kwa kitambaa cha aina moja, lionekane kuwa limekusudiwa hivyo. Mitumba yote ifuliwe kabla ya kuvaliwa, hata ile inayoonekana mipya.

Kanzu ya mtoto yenye doa la udongo mwekundu huwaliza kina mama. Liacheni tope likauke, lipanguseni kwa brashi, ndipo mfue kwa maji baridi na sabuni. Msikimbilie dawa ya kung'arisha nguo: wekundu wa udongo wetu watokana na kutu ya chuma, na dawa hiyo haiiondoi kutu, bali yaweza kuikaza. Kamulieni ndimu, nyunyizeni chumvi kidogo, mwanike juani, kisha msuuze. Kanzu iliyogeuka rangi ya manjano hutandazwa juu ya nyasi ingali mbichi, jua likaing'arisha.

Kanga kuukuu hufaa kuwa pazia au foronya. Ila someni kwanza maandishi yake: yenye jina la Mwenyezi Mungu isikatwe ikawa kitambaa cha kufutia meza au sakafu.

Kwa wasio na cherehani, mafundi wanaoshona barazani na sokoni huwa na nafasi mwezi wa Rajabu. Kumi la mwisho la Ramadhani mtawakuta wamezungukwa na mafurushi, wakiwaahidi watu kumi saa ile ile moja. Pelekeni kola zenu mapema, na uzi wa rangi yake mkauchague wenyewe mchana, kwani taa ya dukani hudanganya.