Mgongo wa Gitaa na Hatima ya Mpingo

Mtu aendaye kwa fundi wa Ulaya au Marekani kuagiza gitaa lake mwenyewe huonyeshwa mbao kwanza. Ataambiwa kwamba mgongo wa mkangazi hutoa sauti kavu iliyo wazi, na kwamba mgongo wa Dalbergia nigra, mti wa Brazil ulio wa jenasi moja na mpingo wetu, hutoa sauti nzito yenye mwangwi mrefu. Kwa huo wa pili atadaiwa fedha nyingi zaidi. Wachache huuliza ni nani aliyethibitisha hayo, na kwa njia gani.

Uzi peke yake hausukumi hewa ya kutosha kusikika vizuri. Mtetemo wake hupita katika daraja na kuingia katika ubao wa mbele, nao ndio usukumao hewa. Basi ubao huo hauna budi kuwa mgumu, usije ukapindwa na mvuto wa nyuzi, na papo hapo uwe mwepesi, ili mtetemo mdogo uweze kuutikisa. Ndiyo maana fundi huchagua sprusi, mti wa nchi za baridi ufananao na msonobari. Densiti yake ni kama kilo 400 hadi 450 kwa mita ya ujazo, na sauti husafiri ndani yake, kwa kufuata nyuzinyuzi, kwa mwendo wa mita 5,000 hivi kwa sekunde. Katika hewa ni mita 340 tu. Mpingo una densiti ipatayo kilo 1,200 au zaidi, nao huzama majini. Ubao wa mbele wa mpingo ungelifanya gitaa kuwa karibu bubu.

Kuhusu ubao wa mbele, basi, mafundi wana haki. Ubishi wangu ni juu ya mgongo na mbavu. Mwaka 1862 fundi Mhispania Antonio de Torres alitengeneza gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu iliyogandishwa. Mwaka 1995 kampuni ya Taylor ya Marekani ilitengeneza moja kwa mbao za chaga za kupakilia mizigo. Hayo ni maonyesho, si majaribio, kwa kuwa hayana cha kulinganishia. Jaribio lenyewe lilitangazwa mwaka 2018 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, na wenzao. Magitaa sita yalitengenezwa kwa vipimo vilevile, yote yakiwa na sprusi mbele, yakatofautiana mgongo na mbavu tu: Dalbergia nigra, Dalbergia ya Uhindi, mkangazi, sapele na miti mingine miwili. Wapigaji 52 waliyapiga katika mwanga hafifu, wamevaa miwani ya wachomeleaji wasiione rangi ya mbao. Alama walizozipa sauti zilikaribiana mno, na mti wa bei kubwa haukushinda.

Dalbergia nigra imezuiwa katika biashara ya kimataifa tangu mwaka 1992. Si magitaa pekee yaliyoimaliza. Samani zilichangia sana. Lakini sasa baadhi ya mafundi huutafuta mpingo ushike nafasi yake, nao ni mti ukuao polepole mno, uliopinda, ambao ni shida kuupatia ubao mpana usio na kasoro. Katika klarineti naukubali: hutoboleka kwa kipimo halisi na haulegezwi upesi na unyevu wa pumzi. Katika mgongo wa gitaa naona tunauza macho kwa jina la masikio, na misitu ya Kilwa na Nachingwea ndiyo ilipayo gharama.

Mwalimu asiniamini kwa maneno. Na aombe kwa seremala vipande vya mninga, mvule, mkangazi na msonobari, vyote vya kipimo kimoja, avipime uzito, kisha avilaze juu ya nyuzi mbili zilizo karibu robo ya urefu kutoka kila ncha, na kuvigonga katikati. Tofauti zitasikika, nami sizikani. Halafu wanafunzi wafungwe vitambaa machoni, waulizwe ni kipande kipi cha bei kubwa. Na majibu yote yaandikwe kabla kitambaa cha kwanza hakijafunguliwa.