Tusinunue Simu Kila Mtu Peke Yake

Ndugu zangu wa Kinakomba, na nyinyi wenzetu mlioko huko chini Garsen na Delta, nawaandikia juu ya jambo linaloonekana dogo mpaka siku likukwamishe. Msimu wa maembe ukiisha, dalali akishapakia lori lake na pesa ikaingia kwenye M-Pesa, kitu cha kwanza anachokitaka kijana wa nyumbani ni simu ya kugusa. Simlaumu hata kidogo. Na mimi nilifanya hivyo hivyo. Nilipanda gari hadi mjini, nikaingia duka la kwanza lililonivutia kwa taa zake, nikaonyeshwa simu yenye kamera tatu mgongoni, nikalipa bila swali. Miezi minne baadaye haikushika chaji hata kufika adhuhuri. Nilipoirudisha niliulizwa risiti, na risiti sikuwa nayo. Pesa ile ilikuwa imetoka kwenye miembe ya mama yangu, na alikuwa ametegemea simu hiyo hiyo kusikia habari za wajukuu wake.

Tangu siku hiyo nimewauliza majirani wengi, na karibu kila nyumba ina simu iliyokufa ndani ya kabati. Ukizijumlisha bei zake utaona ni pesa ambayo ingenunua mbuzi, ingelipa karo, au ingechimba choo. Tumepoteza mali hiyo kwa sababu kila mmoja wetu alikwenda dukani peke yake, na haraka, bila kumuuliza aliyetangulia kuumia.

Kwetu simu si pambo. Mto wetu wa Tana hauanzii kwetu. Mvua inanyesha Mlima Kenya na milima ya Aberdare, inajaza bwawa la Masinga, kisha maji yanateremka Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere kabla ya kutufikia sisi bondeni. Mabwawa yakifurika, kampuni ya umeme ya KenGen na Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa tahadhari, na maji huchukua siku kadhaa kabla ya kufika upande wa Hola. Siku hizo ndizo za kuhamisha wazee, mahindi ya ghalani na mbuzi. Mafuriko tuliyaona mwaka 2018, tukayaona tena mwishoni mwa 2023, na Aprili na Mei 2024 tukavuka kwa mashua mahali tulipozoea kupita kwa pikipiki. Habari ya kuhama huja kwa simu ya chifu, kwa kundi la WhatsApp la kijiji, kwa mwana aliyeko Garissa anayepiga kusema mto umepanda. Nyumba ambayo simu yake imezima huisikia habari hiyo kutoka kwa maji yenyewe.

Kuna na mengine. Mtoto aliyemaliza kidato cha nne huomba nafasi ya chuo kupitia KUCCPS kwa mtandao. Mwenye maembe anataka kujua bei ya Mombasa kabla dalali hajamtajia yake. Mfugaji wa Orma aliyeko malka, njia ya mifugo kuelekea mtoni, anataka kujua malisho yako wapi. Simu nzuri inawafaa wote hao.

Lakini nianze na neno ambalo wauza simu hawalisemi: si kila mtu anahitaji simu ya kugusa. Ile kabambe yetu, mulika mwizi, bado ni chombo cha heshima. Inapokea M-Pesa, inabonyeza *147# kwa mambo ya bima ya afya ya SHA, inakaa siku nne au tano bila chaji, na tochi yake huwasaidia mama zetu usiku. Baada ya mapigano ya 2012 na 2013, mradi wa Una Hakika ulikuja Tana Delta kusaidia watu kuchunguza uvumi kabla haujawasha moto. Mtu aliripoti kwa ujumbe mfupi wa kawaida au kwa kupiga, wa kujitolea wakaenda kuthibitisha, kisha jibu likarudi. Kazi kubwa kama hiyo ya kuokoa roho za watu ilifanyika bila kuhitaji kioo cha kugusa. Kwa hiyo pesa ikiwa ndogo, heri nyumba iwe na simu moja ya kugusa iliyo imara na kabambe mbili, kuliko simu tatu za kugusa ambazo zote zitakufa kabla ya masika.

Sasa tuseme umeamua kununua. Wengi hutazama kamera kwanza. Nawasihi tuanze na betri, kwa sababu wengi wetu tunachaji kwa sola au kwa kulipa kibandani. Nyuma ya boksi utaona namba ikifuatwa na mAh. Tafuta 5000 au zaidi. Tazama pia tundu la chaja. Kama ni lile jipya la mviringo, ambalo waya wake unaingia upande wowote, utaweza kuazima waya kwa jirani leo na hata miaka ijayo. Na ukishainunua, usiiache juani juu ya bati la sola ikichaji. Joto letu linaua betri kuliko kitu kingine chochote ninachokijua.

Cha pili ni mtandao, na hapa wengi huumizwa na wale wanaowapenda. Ndugu aliyeko ng'ambo anatuma simu nzuri, ya bei, kila mtu anamsifu. Ikifika kijijini haishiki intaneti vizuri, tunadhani imeharibika. Mara nyingi haijaharibika. Mawimbi ya 4G yanayofika mbali mashambani husafiri kwenye masafa ya 800, na baadhi ya simu zilizotengenezewa soko la Marekani hazina masafa hayo. Mjini itafanya kazi kwa masafa mengine, huku kwetu itahangaika. Kabla ndugu yako hajanunua, mwambie amuulize muuzaji kuhusu bendi ya 20, ndiyo masafa hayo ya 800. Ni swali la dakika moja, na hakuna muuzaji makini atakayelishangaa.

Cha tatu ni nafasi ndani ya simu. Maandishi kwenye boksi yana hila. Ukiona RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, imeandikwa GB 8 kwa herufi kubwa, soma yale maandishi madogo: mara nyingi ni 4+4, maana yake nne ni za kweli na nne nyingine zimeazimwa kutoka kwenye hifadhi ya simu. Hesabu zile za kweli tu. Kwa mtu wa WhatsApp, M-Pesa na picha chache, 3 au 4 za kweli na hifadhi ya 64 zinatosha kwa miaka kadhaa. Hifadhi ya 16 hujazwa na programu za simu yenyewe na video za harusi mbili, kisha kila siku utakuwa unafuta. Uliza pia toleo la Android. Toleo likiwa kongwe sana, WhatsApp huliacha nyuma. Mwanzoni mwa 2025 waliachwa wenye Android 4.4, na watu walidhani laini zao ndizo zimefungwa.

Cha nne, na kwangu mimi ndicho kinachoamua: fundi. Usinunue simu ambayo fundi wa Hola au Garsen hana kioo chake wala betri yake. Mpitie kabla ya kwenda dukani. Muulize ni simu zipi zinazomjia kila wiki, na zipi humjia mara chache, na kioo cha hii ni shilingi ngapi. Fundi anajua zaidi ya bango lolote. Kwetu Tecno, itel, Infinix na Samsung za bei ya chini zimeenea, ndiyo maana vifaa vyake hupatikana. Simu ya jina geni inaweza kuwa nzuri na bado ikakufia mkononi kwa kukosa kioo cha shilingi elfu moja na kitu.

Bei nayo imesogea karibu na sisi kuliko zamani. Julai 2020 Safaricom ilianza mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, watu wakawa wanalipia simu kwa shilingi 20 kwa siku. Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilizinduliwa Athi River, na simu za kwanza za 4G zilitoka zikiuzwa 7,499 na 8,999. Siwaambii kimbilieni hizo. Nawaambia mjue kwamba simu mpya ya 4G chini ya elfu kumi ipo, ili mtu asikuuzie chakavu kwa bei hiyo akisema amekuhurumia.

Mkopo wa simu ndio unaonikosesha usingizi. Tuseme unatoa arbuni ya 2,000, kisha 65 kila siku kwa mwaka mzima. Shilingi 65 ni chai na mandazi, huisikii. Ukiketi na kuhesabu ni 23,725, ukiongeza arbuni ni 25,725. Je, simu hiyo hiyo taslimu ni bei gani? Ikiwa ni 14,000, basi unaye mtu wa chama anayeweza kukukopesha kwa wema zaidi. Na simu za mkopo zina kufuli: usipolipa, zinajifunga. Fikirini Aprili, barabara imekatika, maembe yameisha, bodaboda imeegeshwa, hakuna anayepata hata hamsini. Siku hizo hizo ambazo tunasubiri tahadhari ya mto, simu inajifunga. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi uliza wazi: nikikosa wiki mbili kwa mafuriko, nitaweza bado kupiga na kupokea? Nikirudisha simu, nitadaiwa nini? Jibu lisipoandikwa, ondoka.

Simu ya mkono wa pili haina aibu, ila ina mitego yake. Iliyokuwa ya mkopo inaweza kufungwa wiki moja baada ya wewe kulipa. Iliyoibwa inaweza kukupeleka kituoni. Bonyeza *#06#, namba ya utambulisho wa simu, IMEI, itatokea. Ilingane na ile ya kwenye boksi na kwenye risiti. Mwambie muuzaji aifute yote mbele yako, iwake upya, uweke akaunti yako wewe. Ikidai akaunti ya mtu mwingine, mrudishie. Na msiichukulie namba hiyo kwa wepesi: kati ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba 2012, simu bandia zisizo na IMEI halali, zaidi ya milioni 1.8, zilizimwa Kenya nzima, na walionunua ndio waliobaki na mapande ya plastiki.

Ndiyo maana naomba tuache kununua simu kwa siri na kwa haraka. Vyama vyetu vya akina mama, ambavyo tayari vinanunua sufuria na magodoro kwa pamoja, vingeweza kuingia duka moja na kununua simu sita kwa siku moja. Anayenunua sita husikilizwa bei na hupewa risiti bila kuomba. Walimu na vijana waliosoma, mketi na wazee wetu barazani muwasomee maandishi ya boksi na ya mkopo kabla ya sahihi, na muwaeleze kwa upole bila kuwafanya wajione hawajui. Wenye maduka ya simu Hola, Minjila na Garsen, andikeni risiti yenye IMEI kwa kila mteja, hata yule asiyeiomba. Kaunti yetu nayo iwafundishe vijana ufundi wa simu katika vyuo vyake, kwa maana betri ya mia saba iliyobadilishwa vizuri huokoa simu ya elfu kumi. Na akina baba, simu ya kugusa ya nyumbani isiondoke nanyi kila asubuhi. Mama ndiye hubaki na watoto mto ukipanda.

Kwa upande wangu nimeanza. Jumamosi alasiri huketi chini ya mwembe karibu na kivuko, na yeyote anayetaka kununua huniletea jina la simu aliloambiwa na bei aliyotajiwa. Tunahesabu pamoja kwenye karatasi. Juma lililopita walikuja wanne, mmoja wao kijana aliyekuwa na arbuni mfukoni tayari. Tulipomaliza hesabu alinyamaza kidogo, akaikunja karatasi, akaenda kwa fundi kwanza.