Kengele haipunguzi gesi

Haya, leo siandiki kuhusu Java. Naandika kuhusu majitaka, msishike pua.

Kila nikionyeshwa mradi wa "teknolojia" kwenye vituo vya pampu za majitaka, ni yale yale: kipima gesi, laini ya simu, ramani yenye vitone vyekundu. Sawa, anayeshuka shimoni anakihitaji kipima gesi. Haidrojeni salfaidi ni nzito kuliko hewa, na ikifika kama sehemu 100 kwa milioni pua huacha kuinusa. Mtu huanguka, na mwenzake anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake.

Lakini kengele haipunguzi gesi! Majitaka yakikaa bila oksijeni, bakteria hugeuza salfeti iliyomo kuwa salfaidi. Kadiri yanavyokaa, ndivyo inavyoongezeka. Na muda huo nani anaupanga? Programu inayoongoza pampu! Kiwango cha kuwasha kikiwekwa juu mno, usiku maji yanalala kisimani. Kiteremshe, pampu iwake mara nyingi zaidi (bila kuzidisha idadi ambayo mota inaruhusu kwa saa). Kwenye bomba refu la kusukumia, weka nitreti ya kalsiamu, na kipimo chake kifuate muda ambao maji yanakaa bombani, si saa ya ukutani.

Hiyo ni mistari michache tu ya programu. Haina ramani ya kumwonyesha mheshimiwa siku ya uzinduzi, ndiyo maana siioni kwenye zabuni. Wewe unayeandika zabuni, hilo la kiwango cha kuwasha liko ukurasa wa ngapi?