MAJI YALETWAYO MJINI YATATOKEA WAPI?

Katika toleo hili twataka kunena juu ya jambo ambalo watu wenye adabu hulinyamazia, nalo ni maji machafu: yale yatokayo jikoni, bafuni na chooni. Twajua wako watakaokunja pua wakiona habari hii imepewa ukurasa. Lakini afadhali kukunja pua mbele ya karatasi kuliko kuikunja kila jioni mlangoni pa nyumba yako.

Neno letu ni moja. Maji yaingiayo katika nyumba hayakai humo. Ndoo 10 zikiingia asubuhi, zilizo nyingi zitakuwa zimetoka kabla ya usiku, nazo zimechukua sabuni, mafuta, na uchafu wa miili yetu. Kwa hiyo mwenye kuleta bomba la maji mjini bila kuandaa njia ya maji hayo kutokea, hajaleta neema kamili. Ameleta nusu neema na nusu maradhi. Wazee walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Serikali na halmashauri zimekwisha kuyavulia nguo maji. Sasa twauliza, mbona hawaogi?

Mtu asidhani kwamba twadharau kazi iliyofanywa. Bomba ni jambo jema, na mama aliyepumzika kubeba ndoo kutoka korongoni hatasahau aliyempumzisha. Lakini yatupasa kuitazama nchi yetu ilivyo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 230,166 katika wilaya ya Karatu, na tangu hapo wameongezeka. Tangu barabara ya lami kutoka Makuyuni mpaka lango la Ngorongoro ilipokamilika miaka ya mwanzo ya 2000, mji wa Karatu umepanuka kwa nyumba za wageni, maduka, gereji na nyumba za kupanga. Kila chumba kipya kina bafu lake na choo cha kuvuta maji. Kila choo cha namna hiyo ni mdomo wa mto mdogo, na mto huo hauna pa kwenda ila shimo lililochimbwa nyuma ya nyumba.

Hata udongo wenyewe watuonya. Udongo wetu mwekundu ni wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi hufyonza maji polepole, na wakati wa masika hukataa kabisa. Nchi yetu ina miteremko na makorongo, nayo mvua haingoji amri ya mtu: hushusha kila kilicho juu. Upande mmoja maji yetu huelekea Ziwa Manyara, na upande mwingine Ziwa Eyasi. Maziwa haya mawili hayana mlango wa kutokea baharini. Kilichofika huko kimefika. Hakuna mto wa kukichukua mbele. Njiani kuna watu wanywao, mifugo inywayo, na mashamba ya vitunguu ya Mang'ola yanayomwagiliwa. Maji hufuata mkondo, na uchafu wa mtu wa juu ni kinywaji cha mtu wa chini.

Hebu tueleze jinsi mambo yanavyokwenda ndani ya nyumba, maana wengi hulipa fedha kwa jambo wasilolielewa. Chini ya sinki na nyuma ya choo kuna kona ya bomba iliyopindwa makusudi. Maji kidogo hubaki katika kona hiyo siku zote, nayo ndiyo mlango unaozuia harufu na wadudu wasirudi ndani. Fundi anayeiondoa kona kwa kuwa "inaziba sana" ameung'oa mlango wa nyumba yako. Baada ya hapo bomba la inchi 4 lazima literemke kwa kiasi: katika kila mita 4 lishuke sentimita 10. Likilala mno, mazito husimama na kuziba. Kila linapokata kona sharti pawe na chemba yenye mfuniko, ili bomba likiziba lizibuliwe bila kubomoa sakafu.

Mwisho wa bomba ni karo. Humo mazito hutuama chini, mafuta huelea juu, na vijidudu visivyohitaji hewa huyala yale mazito polepole. Maji ya katikati hupita kwenda shimo la kufyonza. Lakini watu wafahamu, maji hayo hayajawa safi. Bado yana vijidudu vya maradhi, na ni udongo unaomalizia kazi ya kuyasafisha. Tena mazito hayaishi yote. Baada ya miaka michache karo lazima linyonywe, kama vile tangi la gari lazima lijazwe. Karo lisilonyonywa huwa ni bomba tu: linaloingia juu hutoka vilevile upande wa pili, shimo la kufyonza huziba, na uchafu hupanda mpaka uani.

Hapo ndipo ubaya wetu mkubwa huanza. Mtu ambaye shimo lake limejaa, na gari la kunyonya maji taka liko mbali au bei yake ni mshahara wa nusu mwezi, hungoja mvua kubwa. Usiku mvua ikinyesha hutoboa shimo lake na kulitapisha mtaroni. Asubuhi watoto huvuka mtaro ule wakienda shule. Twasema wazi kwamba kutapisha choo ni kumtilia jirani sumu, na atendaye hivyo astahili adhabu. Lakini twauliza pia: adhabu peke yake italijaza gari la kunyonya mafuta? Adhabu itachimba mahali pa kumwaga taka? Dereva wa gari hilo, akiisha kulijaza, asipoonyeshwa mahali palipowekwa kwa kazi hiyo, atamwaga wapi kama si korongoni? Mkimpiga faini mwenye shimo na kumwacha dereva bila mahali, mmehamisha uchafu tu kutoka ua mmoja kwenda kwenye bonde zima.

Wala si sheria tunayokosa. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019 imeweka maji safi na maji taka katika mkono mmoja, yaani mamlaka za maji. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 imezipa serikali za mitaa kazi ya kuondoa kero zinazodhuru afya. Desemba 2017 ilitangazwa kampeni ya "Nyumba ni Choo," kama vile mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" ilivyowafanya watu wa vijijini wachimbe vyoo kwa maelfu. Maneno haya ni mazuri, nasi twayaunga mkono. Lakini choo ni mwanzo wa safari, si mwisho wake. Nyumba ni choo, sawa. Na choo kikijaa, nyumba ni nini?

Sisi watumishi twajua vyema jinsi jambo linavyopotea kati ya meza na meza. Mwalimu au muuguzi akaaye katika nyumba ya kazi huandika barua kwamba chemba imeziba na uchafu umerudi bafuni. Meza ya kwanza humjibu kuwa kazi yake ni maji safi. Meza ya pili humjibu kuwa kazi yake ni kukagua, si kutengeneza. Meza ya tatu humjibu kuwa fungu la matengenezo limekwisha, angoje mwaka mpya wa fedha. Mwisho mwalimu humwita kijana wa mtaani mwenye waya mrefu, naye huisukuma taka mbele hatua 10, ikazibe mbele ya nyumba ya jirani. Je, hiyo ndiyo huduma? Mtumishi ambaye kodi ya nyumba hukatwa katika mshahara wake kila mwezi bila kuchelewa hata siku moja, ana haki ya kuona chemba ikizibuliwa bila kuchelewa mwaka mzima.

Wako watakaotujibu kwamba Karatu ni mji mdogo, na mabomba makuu ya maji taka ni mambo ya miji mikubwa. Ni kweli kwamba mabomba ya namna hiyo yamewekwa katika miji kama Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Mwanza na Arusha, na hata huko hayafiki kila mtaa. Ni kweli pia kwamba mradi wa maji wa Arusha, uliojumuisha mabomba na mabwawa mapya ya maji taka, ulihesabiwa kwa shilingi bilioni 520. Hatuombi fedha kama hizo. Lakini hoja ya udogo twaigeuza: mji mdogo ndio wakati wake. Bomba hupitishwa kwa urahisi mahali ambapo nyumba hazijasongamana. Tukingoja mpaka mji uwe mkubwa, tutalipa fidia ya kuta, vibaraza na maduka kabla hatujalipa bomba lenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wengine watasema kwamba watu wa hapa hawajazoea mambo haya. La hasha! Wengi wa wakazi wa Karatu asili yao ni Mbulu, katika nchi ya Mama Isara, ambako Wairaqw wamejulikana kwa kuzuia mmomonyoko katika miteremko na kuyaongoza maji mabondeni kwa mifereji. Watu walioweza kuyaamuru maji ya mvua kwa jembe la mkono hawashindwi kuyaamuru maji ya bafuni kwa bomba la inchi 4. Kinachokosekana si akili, ni mpango.

Tena asidhani mtu kwamba hili ni aibu ya Waafrika peke yao. Mji wa London, wakati ulipokuwa mkubwa kuliko miji yote ya dunia, ulifanya kosa hilihili. Vyoo vya kuvuta maji viliongezeka majumbani, lakini uchafu ulielekezwa mtoni Thames, mto ambao watu walikunywa maji yake. Kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu katika miaka ya 1832, 1849 na 1854. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha kwamba maradhi yalitoka katika pampu ya maji ya mtaa mmoja. Wakuu hawakumwamini upesi. Mwaka 1858 kiangazi kilikuwa kikali, na harufu ya mto ikaingia katika Bunge lenyewe. Hapo fedha zikapatikana kwa siku chache, na mhandisi Joseph Bazalgette akapewa kazi ya kujenga mabomba makuu. Maiti za maskini hazikuwaamsha wakuu. Harufu iliyofika kwenye viti vyao iliwaamsha. Twaomba wakuu wetu wasingoje kusikia kwa pua. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilienea mikoa mingi, na watu zaidi ya 20,000 waliugua.

Basi twaomba nini? Twaomba mambo 5, na hakuna hata moja lisilowezekana.

Kwanza, patengwe ardhi mbali na nyumba, mbali na vijito, na pachimbwe mabwawa ya kusafishia maji taka. Mabwawa hayo hayahitaji mashine kubwa. Jua, hewa, vijidudu na siku za kungoja ndivyo vifanyavyo kazi. Jua la Karatu halitozi bili.

Pili, gari la kunyonya lipatikane kwa bei iliyotangazwa na kubandikwa ofisini, mjane na mwenye hoteli waijue sawa.

Tatu, kibali cha kujenga kisitolewe kwa mchoro wa ukuta na paa tu. Karo na shimo la kufyonza vikaguliwe kabla ya kufukiwa, maana baada ya kufukiwa kila fundi ni hodari.

Nne, mwenye vyumba vingi vya wageni atoe kwa kipimo cha maji anayotumia. Wageni huja kuona bonde la Ngorongoro, urithi wa dunia tangu 1979; haifai wafurahie bustani za kijani huku mtaa wa wale wanaowafulia mashuka ukinuka.

Tano, nyumba za watumishi zitengenezwe kwanza, ziwe mfano. Bwana afya ambaye choo chake kimefurika atawezaje kumkagua mwananchi?

Na kwenu, wenzetu, tuna neno pia. Msiache maji ya mvua ya paa yaingie katika karo, maana hulijaza na kuyasukuma mazito katika shimo la kufyonza. Msimwage mafuta ya kukaangia katika sinki. Yakipoa huganda ndani ya bomba kama mshumaa. Nepi, vitambaa na majivu si vya chooni. Mwiteni fundi aliyejifunza kazi, nanyi mmlipe haki yake. Wa bei rahisi atawarudia mara tatu. Na barua ya malalamiko iandikwe yenye tarehe, nakala ibaki mkononi, na jina la aliyeipokea liandikwe. Chama hakiwezi kumtetea mtu ambaye malalamiko yake yaliishia kibarazani.

Barua hii tutaipeleka kwa wahusika pamoja na majina ya mitaa ambayo wanachama watatuletea. Tupeni habari kabla ya masika kuanza. Mvua ya Machi haisomi kumbukumbu za vikao. Ikija itapita palipo wazi, nayo itachukua kila tulichokiacha njiani.