Hojaji ya Ujenzi ni Shahada

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, ikiwa aila yako inaishi Kilimani, Kileleshwa, Lavington au Westlands, yamkini umekwisha kubishiwa hodi na kijana mwenye hojaji mkononi, akakuomba maoni yako juu ya jengo linalokusudiwa kusimamishwa katika kiwanja cha jirani. Wengi wetu hutia sahihi papo hapo mlangoni ili mgeni aondoke upesi. Wengine hukataa hata kuipokea. Makala haya yanakusudia kukumbusha kwamba karatasi ile ni shahada, na shahada ina hukumu zake.

Tuanze na sheria ya nchi. Anayetaka kujenga jengo kubwa Nairobi huhitaji idhini mbili. Ya kwanza ni ya serikali ya kaunti, chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, inayomtaka atangaze azma yake ili wananchi wapate kuwasilisha pingamizi. Ya pili ni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, chini ya sheria ya mwaka 1999, inayodai ripoti ya athari za mradi. Hojaji ile huingia katika ripoti hiyo. Sahihi yako isiyo na neno humfikia afisa kama ushahidi kwamba jirani ameulizwa na hakuona dhara.

Na dhara laweza kuwapo. Viwanja vya mitaa hii vilikatwa zamani kwa nyumba ya aila moja na bustani yake. Leo kiwanja hicho hicho hubeba makumi ya nyumba, ilhali majitaka hufuata mitaro ile ile na magari hupita barabara ile ile. Vijito vya Kirichwa navyo hupokea kinachofurika. Wakazi wa Rhapta Road, Westlands, walifika hadi mahakamani kupinga maghorofa marefu, na hoja kubwa ikawa ni kanuni zipi zinazotawala kimo cha majengo: mwongozo wa mwaka 2004, au rasimu ya baadaye iliyokuwa haijapitishwa.

Tuje sasa kwenye dini yetu. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, tunayoyafuata watu wa pwani, mwenye milki ana uhuru wa kuitumia kwa kadiri ya ada. Akivuka mipaka, huwa dhamana ya alichokiharibu. Juu ya hayo ipo kanuni mashuhuri ya kutodhuru wala kudhuriana. Na katika kueleza mipaka ya ujirani, baadhi ya wanazuoni wameifikisha kwenye nyumba 40 kila upande. Leo nyumba 40 zaweza kuwamo ndani ya jengo moja! Basi haki za ujirani hazikupungua kwa kuhamia ghorofani, zimeongezeka.

Kwa hiyo, anayeulizwa juu ya ujenzi na ashike mambo matatu.

La kwanza ni ilimu. Hatoi shahada asiyejua anachokishuhudia. Uliza: ni ghorofa ngapi, nyumba ngapi, maji yatatoka wapi, majitaka yataelekea wapi, magari yataegeshwa wapi? Omba muhtasari wa mradi. Mkizungumza nyumbani, washirikishe mama na vijana, kwani wao ndio waijuao saa maji yanapokatika na mahali watoto wanapovukia barabara.

La pili ni ukweli. Anayepokea bahasha ili aandike "sina pingamizi" ameuza shahada yake. Vilevile anayezidisha dhara asiloliona amesema uongo, hata kama nia yake ni kuulinda mtaa.

La tatu ni uadilifu, na hili ni zito. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi, na wote wanahitaji pa kulala. Wengi wetu tulikuja kutoka Mombasa, Lamu na Malindi tukapokewa katika maghorofa haya haya. Haifai aliyekwisha kupanda ngazi aivute juu, akamnyima mwenzake makazi kwa kuwa tu hapendi wageni. Pinga dhara, usimpinge mja.

Huenda mtu akasema, "Sauti yangu itafaa nini, na wakubwa wamekwisha kuamua?" Na awatazame ndugu zetu wa Lamu. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulikwisha kupewa leseni na NEMA mwaka 2016. Wananchi walikata rufaa, na mwezi wa Juni 2019 Mahakama Maalumu ya Mazingira ikaifuta leseni ile, mojawapo ya sababu ikiwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Walishinda kwa kufuata njia na kutunza muda.

Nasi tutunze muda. Asiyeridhika na uamuzi wa kaunti ana siku 14 tu za kukata rufaa kwenye kamati ya maridhiano ya mipango ya ardhi ya kaunti. Pingamizi liandikwe, litajwe dhara lenyewe, na nakala ihifadhiwe. Anayeswali Ijumaa katika Msikiti wa Jamia hana safari ndefu kufika City Hall. Ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha kushauriana, na moja ya sura za Kitabu chake ikaitwa Ash-Shura. Basi mlango wa shura ukibishwa, na tufungue, tusome, kisha ndipo tuandike. Mola atujaalie kuwa mashahidi wa haki na majirani wema.

Wabillahi tawfiq.