Hukumu Isiwaangukie Wadogo Peke Yao



Askari amepewa bunduki ya serikali ili alinde raia. Akiigeuza juu ya mama wa kijiji, mama yule atamkimbilia nani?

Tunasema habari ya Minova. Tarehe 20 Novemba 2012 mji wa Goma ulianguka mikononi mwa M23. Askari wa serikali walikimbia mpaka Minova, katika Kivu ya Kusini. Pale walinyang'anya mali ya watu, na wanawake na wasichana zaidi ya 100 walishikwa kwa nguvu. Hawakuwa adui waliofanya hayo. Walikuwa askari wetu wenyewe.

Tribinali ya kijeshi ya Goma ilikata hukumu tarehe 5 Mei 2014. Washitakiwa walikuwa 39. Walioonekana na hatia ya kushika wanawake kwa nguvu ni 2 tu. Wakubwa wa juu wa majeshi yale hawakushitakiwa. Na hukumu ya tribinali ile haikuwa na rufaa.

Wengine wanasema: vita ni vita, askari aliyeshindwa hana akili tena. Sisi tunakataa. Kule Fizi, tarehe 1 Januari 2011, askari walitenda ubaya wa namna ileile. Tribinali ilifunga safari mpaka Baraka, ikawasikiliza mama wenyewe. Tarehe 21 Februari 2011 mkubwa wao, Luteni-Koloneli Kibibi Mutware, alihukumiwa kifungo cha miaka 20. Hata miezi miwili haikupita. Basi inawezekana.

Kizuizi kimoja kimo ndani ya sheria. Sheria ya jeshi ya 2002 iliweka kwamba jaji asiwe na cheo cha chini kuliko mshitakiwa. Akishitakiwa jenerali, majaji wa kumhukumu watapatikana wapi? Nyota za mabegani zimekuwa ukuta.

Sisi tunadai: cheo kisimkinge mtu. Mkubwa aliyejua na kunyamaza asimame mbele ya jaji pamoja na aliyetenda. Tribinali iende walipo walioumizwa, na rufaa iwepo kwa kila mtu.

Tusidanganyane, ndugu. Raia anayeliogopa jeshi lake hataliambia adui amepita wapi. Siku mama wa Minova atakapopita mbele ya askari bila woga, siku hiyo tutasema nchi hii ni yetu.